Uzoefu wangu: kava la injini ya CG125 lililofunguliwa kwa tindo

Ninaandika nikiwa bado na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Gereji ninayoizungumzia iko upande wa Ilala, Dar es Salaam, inasifika kwa bodaboda, na nilielekezwa huko na watu ninaowaheshimu. Niliwapelekea pikipiki ya zamani, Honda CG125 iliyokuwa ya marehemu baba, ambayo ilikaa miaka mingi katika banda la mjomba wangu Kigamboni, tukaivusha kwa pantoni ikiwa juu ya guta. Kazi niliyoiomba ilieleweka: wafungue makava mawili ya injini, ya kulia na ya kushoto, kisha walegeze bolti zinazoishikilia injini kwenye fremu na kuishusha, ili fremu ipelekwe kupigwa rangi na injini ifumuliwe kwa utulivu.

Mtu asije akasema kwamba pikipiki ile ilikuwa ngeni kwao. Honda walianza kuiuza CG125 mwaka 1976, wakiwa wameiunda iwe ngumu na rahisi kutunza, vali zake zikisukumwa kwa fito badala ya kuendeshwa na mnyororo wa kupanda juu, na injini nyingi za pikipiki za Kichina zinazobeba abiria jijini zimetokana na muundo huohuo. Fundi anayefungua injini za bodaboda kila siku anajua fika kwamba nyuma ya kava la kulia kuna klachi, na kwamba kabla ya kuligusa kava hilo ni lazima oili imwagwe, waya wa klachi utolewe na mguu wa kiki uvuliwe.

Tofauti iko kwenye skrubu. Pikipiki nyingi za Kijapani za miaka ile zilifungwa makava kwa skrubu zenye kichwa cha msalaba, na msalaba huo si sawa na ule wa bisibisi za kawaida zinazouzwa madukani. Ni kipimo cha Kijapani, ambacho mara nyingi hutambulika kwa kidoti kilichopigwa juu ya kichwa, na bisibisi isiyo yake haizami mpaka chini. Ukiikaza inapanda, inateleza na kukichubua kichwa chote. Zaidi ya hapo, skrubu ni ya chuma na kava ni la aluminiamu, metali mbili ambazo zikikutana na unyevu wa chumvi hulana taratibu mpaka zinashikana kabisa. Pikipiki iliyolala Kigamboni karibu na bahari haikwepi jambo hilo, na niliwaeleza mapema, nikawaonyesha ule unga mweupe uliozizunguka skrubu za chini.

Kijana mmoja mwanafunzi wa gereji alinielewa mara moja. Aliniamkia, akaichunguza pikipiki bila haraka, akazipaka skrubu mafuta ya kulegeza kutu na kuyaacha yanywe mpaka kesho yake. Niliporudi nilimkuta amechora umbo la kava kwenye kipande cha boksi na kutoboa tundu kwa kila skrubu, ili kila moja itakapotoka ichomekwe mahali pake, kwa kuwa hazilingani urefu. Kwa zile ngumu alitumia bisibisi ya kugonga, ile ambayo ukiipiga nyundo kichwani inalibadili pigo kuwa mzunguko. Skrubu zilikuwa zinatoka moja baada ya nyingine, nzima, na mimi nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno ya sifa.

Ndipo fundi mkuu alipofika, hakusalimia, akamwambia kijana kwamba anachelewesha kazi. Zilikuwa zimebaki skrubu chache za chini. Akachukua tindo, akaiegesha ubavuni mwa kichwa cha skrubu na kuanza kuipiga ili izunguke. Ya kwanza ilikubali. Ya pili kichwa kilikatika. Badala ya kupasha moto aluminiamu inayoizunguka, ambayo hutanuka takriban mara mbili ya chuma na hivyo kukilegeza kilichonaswa, alichomeka bisibisi bapa katikati ya kava na kasha la injini na kuanza kubinua, wakati skrubu moja nyuma ya mguu wa kiki ilikuwa bado imefungwa! Nilimwambia kwa sauti kwamba ile bado haijatoka. Hakusikia, au hakutaka kusikia. Kukatoka mlio mkavu, na sikio la kava, pale hasa skrubu ile inapopita, likadondoka sakafuni pamoja na kipande cha ukingo.

Nilipomuuliza amefanya nini, jibu lake lilikuwa hili: “Mzee, chuma chakavu hiki, unakililia nini? Ukitaka kipya si uende dukani?” Mbele ya wateja. Kisha akakiondoa kile kipande cha boksi kilichokuwa mezani, akazimwaga skrubu zote ndani ya kopo moja pamoja na za kava la kushoto.

Haki isemwe, injini yenyewe ilishushwa vizuri sana, na kwa muda nilifikiri kwamba hilo lingetosha kunituliza. Alipewa yule kijana. Kabla ya yote alilegeza bolti za sproketi ya mbele, ile gia inayovuta mnyororo, huku mnyororo ukiwa bado umefungwa na breki ya nyuma imekanyagwa, kwa sababu injini ikishatoka hakuna cha kuizuia isizunguke. Akaweka jeki na gogo chini ya injini, akalegeza nati zote kwanza bila kuchomoa bolti hata moja, na zile zilizogoma alizigonga kwa kipande cha shaba huku akiiacha nati mwishoni mwa bolti ili hesi, ile mifuo ambamo nati huzunguka, zisiharibike. Fremu haikupata mkwaruzo. Kwa sehemu hiyo ya kazi ningempeleka mtu yeyote kwao bila wasiwasi.

Hapana, nayafuta maneno hayo, kwa sababu ukimpeleka mtu pale huchagui wewe nani ataishika pikipiki yake. Injini iliporudi kwenye fremu na kufungwa, oili ilianza kuvuja siku hiyohiyo, pale pale bisibisi ilipochimba uso wa aluminiamu, na fundi mkuu akashauri ipakwe silikoni nyingi zaidi. Nilipolifungua kava mwenyewe nyumbani nilikuta skrubu ndefu imeingizwa kwenye tundu la fupi: ilikuwa imegota chini kabla ya kulibana kava, na aliyeifunga alikuwa ameikaza mpaka hesi za kasha zikaanza kung'oka. Kile kipande cha boksi kingezuia hilo bila gharama yoyote. Na kwa kazi hiyo nilidaiwa bei kamili, bila samahani, bila punguzo hata la shilingi moja.

Kwa hiyo siipendekezi gereji ile, na yule kijana namwombea apate benchi lake mwenyewe, maana siku atakayolipata nitakuwa mteja wake wa kwanza. Hesi zimeshachongwa upya na mkerezaji wa Keko, ambaye pia ameusawazisha uso wa kasha, lakini sikio la kava amekataa kulichomelea kwa sababu ukingo wake umepinda. Maduka ya vipuri ya mtaa wa Gerezani nimeyazunguka na ninaonyeshwa makava ya Kichina tu, ambayo mengine matundu yake yanakaribia kulingana na mengine hayakaribii kabisa. Mwenye kava la kulia la CG125 ya zamani, zima na lisilowahi kubinuliwa kwa bisibisi, aniambie bei yake hapa chini.