Usafiri wa Marseille kwa mgeni aliyetoka Lamu
Metro (treni za mjini) ya Marseille, Ufaransa, iliyofunguliwa mwaka 1977, haimchanganyi mgeni, kwa kuwa ina njia mbili tu, nazo hukutana Saint-Charles, penye stesheni kuu ya reli, na Castellane. Kasoro yake ni kwamba haifiki fukwe za Prado, hivyo anayetaka kuoga baharini hulazimika kumalizia safari kwa basi. Kilichonipendeza zaidi ni kivuko kidogo kinachokatiza Vieux-Port, bandari ya zamani, kutoka upande wa jumba la manispaa hadi ng'ambo, safari ya dakika chache iliyonikumbusha mashua zetu za kuvukia kati ya Mokowe na Lamu, ingawa huko Marseille hakuna kupatana bei na nahodha. Kilima cha kanisa la Notre-Dame de la Garde kipandieni basi namba 60.