Kuangalia ndege: Msimbati au Ziwa Rutamba?

Watu wa Mtwara watakwambia Msimbati, wa Lindi watakutajia Rutamba. Mimi nimekwenda kote, na jibu langu ni swali: una saa ngapi za kukaa, na unajua kusoma maji yanavyokupwa na kujaa?

Msimbati imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa 2000, kwa hiyo weka akiba ya kiingilio. Barabara ya mchanga nayo inachosha. Lakini kuanzia Septemba hadi Machi ndege wageni wa kaskazini wamejaa. Hapo ndipo nilipomwona ndege aitwaye mla kaa: mweupe, mgongo mweusi, mdomo mnene kama koleo. Alimpigiza kaa mchangani mpaka miguu ikakatika, kisha akammeza. Ndege huyu hutaga kwenye mashimo ya mchanga, pwani za Uarabuni na Somalia. Tatizo ni bamvua, siku ambazo maji hupwa na kujaa kupita kawaida: yakitoka sana, ndege wanakuwa vitone kwa mbali. Fika maji yanapoanza kujaa, yatakusogezea ndege yenyewe. Bila darubini, usihangaike.

Rutamba haina habari ya kupwa na kujaa. Furukombe, yule tai mla samaki, utamsikia kabla hujamwona. Mdiria na mnandi wako karibu, macho matupu yanatosha. Ila matete yanaficha mengi, na mbu wa jioni, mh!

Ukiwa na watoto au asubuhi moja tu, nenda Rutamba. Kama unawinda wageni wa msimu na una darubini, vumilia mchanga wa Msimbati.