Upange karibu na shule au karibu na kazini?
Ukihamia nje na watoto wa shule mi nasema panga karibu na shule, kazini utafika tu. Nchi nyingi shule za serikali zinapokea watoto kulingana na mnapoishi, wanataka waone mkataba wa nyumba au bili yenye anwani yako, kwa hiyo ukikosea mtaa na shule umeikosa. Alafu mtoto mgeni akikaa jirani na wenzake wa darasani jioni wanacheza na lugha inaingia yenyewe. Karibu na kazini unalala zaidi asubuhi, basi, ila shule ikipiga simu mtoto ana homa ndo unaanza kuhesabu mabasi mawili. Kodi karibu na shule nzuri inauma kweli, chukueni nyumba yenye chumba pungufu, watoto walale dabodeka.