Vibanzi vya Mwaloni Kwenye Vodka: Je, Unapata Wiski?

Habari zenu, karibuni tena. Leo mezani nina pakiti ya vibanzi vya mwaloni, yaani vipande vidogo vya mbao za mti ambao Waingereza wanauita oak, vile vinavyouzwa kwa watu wanaotaka kuipa pombe nyeupe rangi na ladha ya wiski bila pipa. Wengi mmeniandikia mkiuliza kama vinafanya kazi. Vinafanya, ila kuna kazi ambayo haviwezi, na nyote mnaotaka kununua mnapaswa kuijua kabla ya kutoa pesa.

Kwanza niwaonyeshe nilichotumia. Hii ni vodka ya dukani, asilimia 40, ina alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na stempu ya KRA, mamlaka ya ushuru, na stempu yenyewe nimeikagua kwa programu ya Soma Label hapa kwenye simu. Pombe ya kupikwa nyumbani sijatumia, na kwenye chaneli hii hutaiona. Sheria ya vileo ya Kenya ya 2010 iliifungulia mlango chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji, lakini ni kwa mwenye leseni. Ukipika jikoni kwako bila leseni, ni kosa.

Na sheria tukiiweka kando, kuna uhai wa watu. Novemba 2000, hapa hapa Nairobi, mitaa ya Mukuru, zaidi ya watu 100 walikufa kwa pombe yenye methanoli, na wengine wakapoteza macho. Februari 2024 tukazika tena, kule Kangai, Kirinyaga, kwa pombe ya sumu. Methanoli haina rangi, na ikishachanganywa na pombe ya kawaida, pua yako haitaigundua. Sasa sikiliza: ukitia vibanzi ndani ya pombe kama hiyo, itapata rangi nzuri ya dhahabu, itanukia vanila, na itabaki sumu ileile. Mwaloni hauondoi methanoli. Mkaa pia hauiondoi. Mtu akikuambia pombe yake ameisafisha kwa mbao, usiionje hata kidogo.

Haya, tufungue pakiti. Huu ni mwaloni mweupe wa Marekani, Quercus alba, uliookwa kwa kiwango cha wastani. Ngoja nivunje kimoja mbele ya kamera. Unaona? Rangi ya kahawia imeingia mpaka katikati. Hilo ndilo unalolitafuta. Kikiwa cheusi nje halafu cheupe ndani, ujue kilibabuliwa na moto harakaharaka, na utakachopata ni moshi na uchungu. Kasoro ya pakiti hii iko huku chini: vumbi jingi. Vumbi linatoa ukali wote kwa mara moja na linachafua kinywaji, kwa hiyo lichekeche kwanza.

Kuoka ndiko kunakoleta ladha. Ndani ya mbao kuna lignini, na moto ukiivunja, inatoa vanilini, harufu ya vanila unayoijua. Kuna hemiselulosi, ambayo ikipata joto inageuka sukari zinazoungua kidogo, ndipo unapopata karameli. Mwaloni wa Marekani una pia laktoni nyingi, zenye harufu ya nazi. Halafu kuna tanini. Tanini kidogo inakipa kinywaji mwili. Ikizidi, ulimi unakauka na meno yanaingia ukakasi.

Naomba nisimame hapa kwa sababu ya swali moja ambalo halinitoki akilini. Mtu aliniuliza kama anaweza kuchukua mabaki ya mbao kwa fundi seremala, ayaoke kwenye jiko, atumie hayo. Tafadhali usifanye hivyo. Mbao za karakana hujui zilipakwa dawa gani ya mchwa. Mbao za paleti nyingine zilifukizwa kemikali. Msonobari na msaiprasi zina utomvu. Na kuna grevilea, mti uliojaa mashambani huku kwetu, wengine wanauita mukima. Ukipasuliwa, mbao zake zina madoadoa yanayofanana na ya mwaloni, na hata kwao Australia wauza mbao huuuza kwa jina la oak. Hauna undugu wowote na mwaloni. Una kemikali zinazowasha ngozi ya watu wengine, mafundi wengi wanalijua hilo. Kitu kinachowasha mkono hakina ruhusa ya kwenda tumboni.

Nusu lita ya vodka nimeipimia gramu 2 kwa mizani ya jikoni. Pimeni jamani, msikadirie kwa kiganja. Vibanzi vinaelea kwanza, vinatoa viputo vidogo, halafu utaona nyuzi za kahawia zikishuka polepole kuelekea chini ya mtungi. Kufikia kesho yake vingi vimezama na rangi imeshakuwa ya chai ya turungi. Hapo ndipo watu wanadanganyika. Rangi inakuja mapema sana, ladha inachelewa. Kuanzia siku ya tatu onja kila siku, kijiko kimoja tu, na ukishasikia vanila iko mbele na ukakasi unaanza kubisha hodi, chuja. Kwa kawaida ni kama wiki moja. Msimu wa baridi wa Julai hapa Nairobi huchukua muda zaidi. Chuja kwa karatasi ya kahawa. Na usiupashe mtungi moto ili kuharakisha: mvuke wa pombe unashika moto.

Sasa glasi. Harufu ni nzuri kweli, vanila, nazi kidogo, karameli. Mdomoni mwanzo ni mtamu. Lakini hapa katikati, mahali ambapo wiski ingekupa nafaka, pametulia tu. Vodka imekenekwa hadi ladha ya asili ikaisha, hivyo mbao zinaongea peke yake. Wiski inaanza na kinywaji chenye ladha ya shayiri au mahindi, halafu pipa linaongezea. Tena pipa linapumua. Hewa inaingia, pombe inabadilika kidogo kidogo kwa miaka, na sehemu inapotea angani. Scotland wanahesabu takriban asilimia 2 kwa mwaka. Mtungi wangu umefungwa, haupumui. Nikiufungua mara kwa mara, makali ya pombe yanapungua kidogo, lakini miaka mitatu siwezi kuitia kwenye wiki moja.

Miaka mitatu ndani ya pipa la mwaloni ndiyo sheria ya Scotland, na wanaichunga. Mwaka 2005 kampuni ya Compass Box ilitoa wiski iitwayo Spice Tree, iliyokomazwa kwa mbao mpya za mwaloni wa Ufaransa zilizoingizwa ndani ya mapipa. Chama cha wiski cha huko kikapinga na ikabidi isitishwe. Ilirudi 2009 kwa njia nyingine, mbao zikiwa ni vifuniko vya pipa lenyewe. Hiyo ilikuwa wiski halisi ya Scotland, na bado walikataa.

Kwa hiyo ukiuliza kama ninunue, jibu langu ni ndiyo, kwa mtu mmoja: anayetaka kujifunza ladha ya mwaloni inavyokuwa ikiwa peke yake. Baada ya glasi hii, ukinywa wiski ya kweli utaweza kutenganisha kilichotoka kwenye pipa na kilichotoka kwenye nafaka. Pia nimejaribu kwenye Kenya Cane, na niwaambie ukweli, pale matokeo yamenipendeza zaidi. Ile ni pombe ya miwa, kwa hiyo vibanzi vinaivuta upande wa ramu, na haionekani kama inaigiza kitu. Tia barafu na kipande cha ndimu, inatosha.

Kama unataka wiski ya kumkaribisha mgeni, nunua wiski. Na ulichotengeneza kwako kiandikie kwenye chupa ni nini na kimetoka kwa pombe gani. Usikimimine kwenye chupa tupu ya wiski ya watu, hata kwa kupamba kabati, kwa sababu siku haupo, mtu ataimimina akiamini lebo. Wa chini ya miaka 18, video hii si yenu.

Pakiti ya kuokwa zaidi, ile nyeusi, iko njiani. Ikifika nitaiweka kwenye pombe ya miwa moja kwa moja. Niandikieni kama mngependa nijaribu gramu 2 zilezile au nipunguze.