Nimehamisha Windows kwa Clonezilla, fundi nimemwacha na maneno yake

Laptopu yangu ilikuja na SSD (diski ya kuhifadhi vitu) ya 128GB, ambayo Windows yenyewe inakuonyesha 119 tu, na mwezi uliopita zilikuwa zimebaki GB 3, ule mstari mwekundu unanitazama kila nikiwasha. Nikanunua SSD ya 500GB Kariakoo, nikamuuliza fundi wa pale anihamishie, akasema we tunapiga windo upya tu. Upya? Nina programu ya hesabu za duka la mama, aliyeniwekea simpati hewani mwaka wa pili huu, upya wapi!

Ndo nikaijaribu Clonezilla, programu ya kukopi diski nzima kwenda nyingine, Windows na kila kitu. Bure kabisa, imetoka Taiwan, unaiweka kwenye flashi unawasha mashine kwa hiyo flashi, Windows yako imelala tu. Zamani nilikuwa natumia Macrium Reflect ya bure kwa kazi hiihii ila hiyo wameshaifunga, imebaki ya kulipia.

Sasa sura yake aisee... maandishi matupu, unatembea na mishale na Enter. Mara ya kwanza nilizima. Ukitulia inaenda, unachagua device-device halafu inakuuliza diski ya kutoka na diski ya kwenda, na hapa ndo pa kushika roho maana inaziita sda na sdb, ukizigeuza umekopi utupu juu ya vitu vyako na hakuna wa kumlilia. Angalia saizi, usiangalie jina. Kabla ya kufuta inakuuliza tena na tena kama kweli, mi nilinyanyuka nikanywa maji kwanza. (Mafaili ya muhimu nilishayatoa pembeni, sio kwamba ni jasiri.)

Inakopi sehemu zenye vitu tu, kwaiyo SSD mpya ikiwa nje kwa waya wa SATA kwenda USB, tundu la bluu, ilichukua nusu saa hivi. Ila kama BitLocker (ule ulinzi wa Windows wa kufunga diski kwa siri) imewaka izime kwanza usubiri mpaka imalize kabisa, la sivyo haisomi ndani na itabeba mpaka nafasi tupu, utakesha.

Kilichoniudhi ni hiki. Nimefunga SSD mpya ndani, Windows imewaka kama hakuna kilichotokea, kufungua naikuta C iko vilevile! GB 346 hivi zimekaa mwishoni hazina mwenyewe, na Extend Volume, kile kitufe cha Windows cha kutanua C, imefifia haibonyezeki, kwa sababu C inameza nafasi iliyopakana nayo tu na katikati kuna kile kipande cha Windows cha kujikarabati. Nikarudi kwenye flashi nikaweka GParted, programu ya kupanga vipande vya diski, nikakisogeza kile kipande mpaka mwisho, ndo C ikapanuka. Clonezilla ina chaguo la -k1 la kutanua vipande kwa uwiano wa diski mpya lakini linatanua mpaka na hicho kipande kisichohitaji kitu, kwaiyo mi bado naona bora GParted.

Na usiwashe mara ya kwanza diski zote mbili zikiwa zimechomekwa, zina utambulisho mmoja, Windows itachanganyikiwa.

Naipa 4 kwa 5, hiyo moja nimeikata kwa ajili ya usiku wangu wa GParted. Programu ya mama imefunguka na hesabu zake zote. Ile 128 iko kabatini sijaifuta, mwezi ukiisha salama naifanya flashi.