Heligan kule Cornwall: nanasi linalolelewa na samadi ya farasi

Mi mambo ya kulipa kiingilio eti ukaangalie maua ya matajiri sikuwaga nayo kabisa, ila shemeji alikuja kututembelea huku Uingereza akasema maduka yamemchosha, basi tukaendesha mpaka Heligan, bustani za jumba la kale karibu na kijiji cha Mevagissey, na nakiri nilikuwa nimekosea.

Kwanza mjue jumba lenyewe huingii. Lilikuwa la ukoo wa Tremayne, lilishagawanywa flati zamani na watu wanaishi humo. Unacholipia ni bustani, na stori yote iko huko. Vita ya 1914 iliwabeba watunza bustani, wengine ndo hawakurudi tena, baadae jumba likapangishwa, miiba ikameza kila kitu mpaka 1990 Tim Smit na John Willis, huyu Willis ndo wa ukoo uleule, walipoanza kufyeka. Humo wakakuta choo cha wafanyakazi, ukutani vijana wameandika majina yao kwa penseli, Agosti 1914. Yaani choo! Shemeji alisimama pale akatoka bila neno, na yeye si mtu wa kunyamaza hata msibani.

Sasa nanasi. Wamefufua shimo la kuoteshea mananasi la enzi za Malkia Victoria, mananasi yanakaa katikati chini ya vioo, pembeni mitaro inajazwa samadi mbichi ya farasi, ikioza inatoa joto na joto linapenya kwenye ukuta mpaka kwa nanasi. Shemeji kwao Kiwangwa, nanasi kwake ni kitu cha kupakia kwenye fuso, akachungulia pale kiooni akaniuliza, "kwa hiyo hili moja wanalilea kama mtoto njiti?" Nlicheka mpaka watu wakageuka.

Ukishuka bondeni kuna migomba, mianzi mirefu na daraja la kamba linalonesa, kwenye njia ya msituni kuna sanamu ya mwanamke wa udongo amelala, nywele zake majani kweli yanayoota. Tatizo ni kurudi, mlima ule si mchezo na mi nlivaa raba zilizoisha soli, mvua ikanyesha, nikapanda nimeshika mkono wa shemeji kama bibi harusi.

Nyota nne na nusu, hiyo nusu nimeukata mlima. Mkija na wazazi waacheni huku juu kwenye bustani ya mboga, mgahawa uko karibu na geti, wapate chai nyie mkishuka.