Simu au kamera kwa wikendi ya ufukweni na familia?
Huu ubishi hauishi jamani. Kwa gharama simu inashinda, si tayari unayo mfukoni. Ila mtoto akiwa kule mbali anaruka mawimbi, kamera yenye lenzi ya kuvuta haina mpinzani, maana ukizumu sana kwa simu picha inachakaa, na jua likizama sensa kubwa ya kamera (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) inashika mwanga vizuri zaidi. Shida ni mchanga, aisee usithubutu kubadilisha lenzi kwenye upepo wa bahari! Simu nayo, hata ile ya IP68 (kiwango cha kuzuia vumbi na maji), hupimwa kwa maji yasiyo na chumvi, kwa hiyo ikilowa maji ya bahari ifute haraka na kitambaa chenye maji safi. Kama wewe ndo unabeba mtoto na mabegi, simu inatosha kabisa. Ukipata wa kukushikia watoto, beba kamera.